Saa ya Moyo na Baiskeli za Shinyanga



Katika miji yetu ya Shinyanga, Kahama na Geita imeingia saa ya mkononi ambayo kazi yake kubwa si kumwambia mtu kama ni saa nne au saa tano. Saa hiyo humwambia moyo wake unapiga mara ngapi kwa dakika. Utawaona watumishi wa benki, wafanyabiashara wa dhahabu, walimu na wake zao, Jumamosi alfajiri wako barabarani na raba zao mpya, na kila baada ya hatua chache mtu anainua mkono na kuutazama, kama abiria aliyechelewa basi la Mwanza. Ni jambo jema. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alipotaka Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchini, wengi walidhani ingekuwa shughuli ya picha za magazeti tu. Leo vikundi vya kukimbia viko hadi Katoro.

Sina ugomvi na saa hiyo, nami ninayo. Ninachotaka kuzungumzia leo ni ile tarakimu inayosomeka juu yake. Wengi wetu tunaitii kabla ya kuuliza imetoka wapi, na utii wa namna hiyo unaweza kumfikisha mtu mzima pabaya.

Tuanze dukani. Nilikuwa Kahama, nikaingia katika duka moja la simu karibu na soko. Kijana muuzaji akaniwekea saa mbili juu ya meza, moja ya bei ya kawaida na nyingine ya bei ya mbuzi. "Mzee, hii ndogo nayo ni orijino, inapima kila kitu," akaniambia. Nje ya duka palikuwa na mama anayeuza viazi vitamu. Nikanunua kiazi kimoja, nikakifunga ile saa ya bei nafuu. Taa ya kijani ikawaka chini yake, saa ikafikiri kidogo, kisha ikaandika 78. Yule mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Baba, kumbe viazi vyangu vina afya kuliko mimi!"

Msikilizaji usidhani nasimulia kisa hiki ili kuwaharibia vijana biashara. Hata saa za bei kubwa hufanya kichekesho hicho mara mojamoja, na sababu yake inaeleweka. Saa ya mkononi haiusikii moyo. Inamulika mwanga wa kijani ndani ya ngozi na kupima ni kiasi gani kinarudi. Moyo unapopiga, damu hujaa kidogo kwenye mishipa midogo ya mkono, na damu hufyonza mwanga huo, kwa hiyo unaorudi hupungua. Saa huhesabu kule kupungua na kuongezeka. Ikifungwa kwenye kitu kisicho na damu, hutafuta mtetemo wowote na kuuita pigo. Ikilegea mkononi, jua huingia chini yake. Ngozi nyeusi nayo hufyonza sehemu ya mwanga. Ukikimbia, saa inaweza kuacha kuhesabu moyo na kuanza kuhesabu miguu: unaambiwa moyo unapiga mara 165 kumbe hizo ni hatua zako. Na kwa barabara zetu za vumbi na mashimo, mwendesha baiskeli hutikiswa mkono mpaka saa haijui ishike lipi.

Kipimo cha uhakika zaidi kwa mtu anayefanya mazoezi ni mkanda unaofungwa kifuani. Huo hauhitaji mwanga. Unanasa umeme mdogo unaotoka katika moyo kila unapopiga, kisha unaupeleka kwenye saa bila waya. Mkanda huo ulizaliwa katika nchi ya theluji, huko Ufini. Seppo Säynäjäkangas, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Oulu aliyekuwa bingwa wa mambo ya umeme, alisikia malalamiko ya kocha wa mchezo wa kuteleza kwenye theluji kwamba hana njia ya kupima mapigo ya wanamichezo wake wakiwa njiani. Mwaka 1977 akaanzisha kampuni ya Polar, na mwaka 1982 kampuni hiyo ikatoa kifaa cha kwanza cha kuvaliwa kinachopima mapigo bila waya.

Basi tuseme umenunua kifaa kizuri na kinahesabu vizuri. Hapo ndipo penye shauri kubwa zaidi, maana kuhesabu ni jambo moja na kujua hesabu hiyo inataka nini kwako ni jambo lingine.

Saa ikifunguliwa kwa mara ya kwanza humuuliza mwenyewe umri. Nyingi huchukua 220, zikatoa umri huo, na jibu huitwa kikomo cha moyo wako. Kisha hukuchorea eneo la kufanyia mazoezi, tuseme kati ya asilimia 70 na 85 ya kikomo hicho. Wengi wanaichukulia 220 kama imeandikwa kwenye jiwe. La hasha. Mwaka 1971 madaktari wa Marekani, Samuel Fox na wenzake, walikusanya vipimo vya tafiti za watu wengine, wakavipanga kwenye karatasi na kuchora mstari uliopita katikati yake. Mmoja wao, William Haskell, alisema miaka mingi baadaye kwamba hawakukusudia iwe sheria ya kuongoza mazoezi ya watu. Mwaka 2001 mtaalamu Hirofumi Tanaka na wenzake walitoa hesabu nyingine: zidisha umri wako kwa 0.7, kisha toa jibu hilo kwenye 208. Hii ni afadhali, hasa kwa wazee, lakini nayo ni wastani. Watu wawili wa miaka 50, wote wazima, mmoja anaweza kuwa na kikomo cha 160 na mwingine 185, na hakuna mgonjwa kati yao.

Nina rafiki yangu Kahama, umri wake miaka 52, zamani alikuwa karani wa ghala. Maisha ya kukaa kitini yalimwongezea kilo na presha ikamwingia, kama ilivyowaingia wengi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba katika watu wazima wa miaka 25 hadi 64, karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. Hospitali walimpa vidonge, kimoja kikiwa cha aina ya atenolol. Dawa za jamii hiyo hushusha presha, na mojawapo ya njia zake ni kuuzuia moyo usipige haraka. Mwanawe aliyeko Dar es Salaam akamletea saa. Bwana akaweka umri wake. Saa ikatoa 52 kwenye 220, ikapata 168, ikamwambia mazoezi yake ni kati ya mapigo 118 na 143.

Akaanza kukimbia. Saa ikasoma 104. Akaongeza mwendo, ikasoma 108. Moyo ulikuwa umeshikwa lijamu na kile kidonge, lakini yeye akaona ni uvivu wake. Wiki ya pili, kwenye barabara ya kwenda Isaka, aliamua kwamba siku hiyo lazima aione 118. Alichokiona ni giza. Alikaa chini kando ya lami, jasho la baridi likimtoka, kifua kimebana, na kijana wa bodaboda ndiye aliyemwahisha hospitali. Daktari alimwambia maneno machache tu: "Mzee, saa yako haijui unameza nini."

Nashukuru Mungu rafiki yangu yu hai, na bado anameza vidonge vyake. Nalisisitiza hilo kwa sababu nimewasikia watu wakisema bora waache dawa ili saa isome vizuri. Huko ni kujitafutia kaburi. Anayetumia dawa za presha au za moyo amuulize daktari mapigo yake yasizidi mangapi, na tarakimu atakayopewa ndiyo aiweke kwenye saa. Zile alizotabiriwa na kiwanda azifute.

Sasa twende stendi ya Shinyanga. Mgeni akishuka kwenye basi pale atakutana na jambo ambalo miji mingi ya nchi hii haina: daladala za baiskeli. Pikipiki zimewanyang'anya abiria wengi, lakini bado wapo wanaume wenye kiti kilichowekewa godoro nyuma ya baiskeli, wanaokupeleka mtaani kwa nauli ndogo. Nilimwomba mmoja wao aliyelingana nami umri, miaka 48, tubadilishane mkanda wa kifuani. Tulisalimiana "Mwangaluka," tukakaa kivulini robo saa, kisha tukapima. Moyo wangu ulikuwa unapiga mara 78. Wake 54. Akanipakia, tukaenda kilomita mbili. Njia nzima alikuwa akiongea Kisukuma na wenzake anaopishana nao, na mapigo yake hayakupita 112. Tuliporudi nikaomba niendeshe mimi, yeye abebwe. Kabla hatujafika nusu ya njia nilikuwa 150 na sina neno la kumwambia mtu.

Saa zetu mbili zingetupa eneo moja la mazoezi, kwa kuwa umri ni mmoja. Lakini mtaalamu wa Ufini, Martti Karvonen, alikwisha kuonyesha mwaka 1957 njia ya kumtendea haki kila mtu: hesabu uanze na moyo uliotulia. Kwa hesabu ya Tanaka kikomo chetu sote ni kama 174. Toa mapigo ya kupumzika. Mimi nabaki na 96, yeye anabaki na 120. Hiyo ndiyo akiba ya kila mmoja. Tukitaka kutumia nusu ya akiba, mimi nachukua 48 na kujumlisha 78, napata 126. Yeye anachukua 60, anajumlisha 54, anapata 114. Juhudi ni ileile, tarakimu mbalimbali. Moyo wake umezoezwa na miaka ya kubeba watu. Unasukuma damu nyingi kwa pigo moja, kwa hiyo hauna haja ya kukimbilia. Na hakuzoezwa kwa kuhema. Siku nyingi anakwenda polepole, saa nyingi, abiria baada ya abiria.

Hili la polepole ndilo gumu kwa watu wa ofisini kulikubali. Tunadhani mazoezi ambayo hayamwachi mtu hoi si mazoezi. Wakimbiaji wakubwa wa masafa marefu hutumia sehemu kubwa ya mazoezi yao, wataalamu husema kiasi cha asilimia 80, kwa mwendo mwepesi. Kazi nzuri kuliko zote ya saa ya moyo ni kumrudisha mtu nyuma anapokwenda mbio kupita kiasi. Lakini watu wengi niliowaona wanaitumia kama fimbo ya kujichapia.

Na tusisahau kwamba taifa hili lilipata sifa ya mbio kabla ya kifaa hicho kuwako. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akiongoza tangu mwanzo mpaka mwisho. Mwaka 1980 mjini Moscow alipata medali ya fedha katika mita 3,000 za kuruka vizuizi na maji, na Suleiman Nyambui, mtoto wa Majita, huku huku kwetu Kanda ya Ziwa, akapata fedha katika mita 5,000. Ile ya Ufini isiyo na waya ilitoka miaka miwili baadaye. Majuzi tu, Septemba 2025, Alphonce Simbu wa Singida, jirani zetu, ameshinda marathoni ya dunia mjini Tokyo kwa tofauti ya sehemu ya sekunde. Siku hizi wanamichezo wanavaa vifaa vya kila aina, na wana haki. Ninachosema ni kwamba moyo ulikuwa na njia ya kuzungumza kabla ya saa kuja.

Njia hiyo kila aliyesoma shule ya msingi nchini anaijua. Mchakamchaka! Alfajiri, vumbi, kiranja mbele anatoa wimbo, sisi wengine tunaitikia. Tulidhani nyimbo zile ni za kuamsha kijiji. Kumbe zilikuwa kipimo. Huwezi kuitikia wimbo kama pumzi imekuishia, kwa hiyo kundi zima lilikwenda kwa mwendo ambao hata mnyonge angeweza kuitikia. Kiongozi ndiye aliyeimba maneno mengi, ndiyo sababu walibadilishana. Madaktari wa michezo leo wanafundisha jambo hilohilo kwa lugha ya kitaalamu: ukiweza kuongea sentensi nzima lakini kuimba wimbo mzima kunakushinda, mwendo ni wa wastani na unafaa, ukishindwa kusema maneno matatu bila kuvuta hewa, umepita. Mtu aliyefunga kiazi chake saa ya bei rahisi anaweza kujipima hivyo bila gharama.

Kuna wasikilizaji ambao mpaka hapa wanacheka. Mchimbaji mmoja wa Mgusu, Geita, aliponiona na mkanda kifuani, alisema, "Bosi, mimi mazoezi yangu ni kupanda kutoka duarani." Ni kweli tupu. Mtu anayeshuka kwa kamba, anayevunja mwamba kwa nyundo, anayebeba kiroba cha mawe hadi kwenye karasha, moyo wake uko kazini tangu asubuhi. Hahitaji kuongezewa mbio jioni. Anachohitaji ni maji, kivuli na kupumzika, na hapo kuhesabu mapigo kuna maana kwake kuliko kwa karani. Joto likizidi, mwili hupeleka damu kwenye ngozi ili ipoe, jasho nalo linapunguza maji ya damu, basi moyo hulazimika kupiga haraka zaidi kwa kazi ileile. Mchimbaji akikaa kivulini dakika kadhaa akaona mapigo hayashuki, mwili unamwambia asirudi duarani bado. Mwenye duara asiseme huo ni uvivu.

Joto hilohilo linamhusu mkimbiaji wa mjini. Mwendo unaokupa mapigo 125 saa 12 asubuhi unaweza kukupa 140 saa 9 alasiri ya mwezi wa Oktoba, Shinyanga ikiwa imekauka na jua limekaa kichwani. Punguza mwendo, usibishane na saa. Vilevile mtu aliyetoka zamu ya usiku mgodini akiwa hajalala ataona tarakimu za juu. Na wale wanaokunywa kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu kabla ya kukimbia, sijui wanataka kumdanganya nani. Moyo unapigishwa na kopo kabla ya mguu kuinuka.

Nimeacha jambo moja ambalo kwa wakazi wa ukanda huu naliona la thamani kuliko yote. Mapigo ya moyo ya mtu akiwa bado kitandani hayabadiliki sana siku hadi siku. Homa ikianza, hata kabla mtu hajaanza kutetemeka, mapigo hupanda. Kwa makadirio ya madaktari, kila nyuzi 1 ya joto la mwili huongeza mapigo kama 10. Geita ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Mtu anayejua kwamba asubuhi huamka na 66, akaamka siku moja na 80 bila sababu anayoijua, asivae raba siku hiyo. Aende zahanati akapime damu. Nimewaona wakimbiaji wawili waliojikaza kwenda mbio na homa ndani, wakisema wataitoa kwa jasho, na wote walirudi wamebebwa.

Lakini yapo mambo ambayo saa haiyaoni kabisa, ndugu msikilizaji, hata iwe ya bei ya ng'ombe. Haioni mshipa wa moyo ulioziba. Maumivu ya kifua, mkono wa kushoto au taya kuwa zito, jasho la baridi, kizunguzungu: ukipata moja kati ya hayo, simama, hata kama tarakimu inaonyesha uko salama salimini. Na mwenye zaidi ya miaka 40 aliyekaa miaka kumi bila kukimbia, kabla ya kujiandikisha kwenye bonanza la maveterani pale Kambarage, apime presha kwanza na aanze kwa kutembea.

Rafiki yangu wa Kahama sasa anatembea. Daktari alimpa 100 kuwa mwisho, na saa ameiweka ipige kelele akifika hapo. Anasema mbwa wa mtaani kwake wamekwisha kuizoea.

Kwa asiye na saa, kesho asubuhi kabla ya taarifa ya habari, usishuke kitandani. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, upande wa ndani wa kifundo cha mkono, chini ya dole gumba. Usitumie dole gumba lenyewe kupimia, lina mpigo wake. Tazama saa ya ukutani, hesabu kwa nusu dakika, kisha zidisha mara mbili. Fanya hivyo siku saba, na kila siku andika tarakimu yako kwenye kalenda.